Simtaji Jina: Baruti Kiganjani na Vidole Viwili vya Mzee wa Liwale

Najua mmezoea safu hii ya Simtaji Jina kuwa ya wasanii: nani kaachana na nani, nani kaazima gari akapiga nalo picha akasema kanunua. Leo tunatoka kidogo nje ya mji. Watu wa leo wote ni marehemu, wote walikuwa wawindaji wa wanyama wakubwa, na sheria ni ileile. Mimi natoa dalili, nyie mnataja kule chini.

Stori ilianzia kwenye gemu. Juzi nilikuwa nacheza na mdogo wangu ile ya kwenye simu, unashuka na parachuti unaokota silaha. Unaokota bunduki, unaokota risasi, unabonyeza, kazi imeisha. Dogo akaniuliza, "Kaka, kwani risasi ndani ina nini?" Nikajikuta sina jibu la maana.

Ila nikamkumbuka mzee mmoja kule Liwale, nilikokaa kwa bibi mpaka darasa la tano. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu. Sisi watoto tulikuwa tunaambiana kwamba simba ndiye aliyevila vile viwili. Siku moja bibi akatusikia, akacheka sana. "Simba gani? Baruti ile. Alishindilia mara mbili." Wakati ule sikuelewa. Baada ya swali la dogo nikaanza kusoma, usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu, na sasa nimeelewa. Ndiyo stori yenyewe.

Kwanza tuelewane. Kitu tunachokiita risasi ni vitu vinne. Kuna ganda la shaba nyeupe. Kuna fataki kwenye kitako cha ganda, ndiyo inayogongwa ikatoa cheche. Kuna baruti ndani. Halafu kuna kichwa pale mbele, ambacho ndicho kinachosafiri. Watu wengi wananunua ikiwa tayari imetoka kiwandani. Lakini wapo wawindaji, hasa Marekani na Afrika Kusini, wanaojaza wenyewe: wanachagua kichwa, wanachagua baruti, wanapima kwa mizani ndogo kama ya sonara. Hapa simfundishi mtu kujaza risasi, hiyo ni kazi ya leseni na inakata vidole, kama mlivyosikia. Ninachotaka ni tuone kwa nini kuchagua vitu hivyo viwili, kichwa na baruti, kumeua watu na kuponya watu kwa zaidi ya miaka mia moja.

JAMAA WA KWANZA: BARUTI YA KIGANJA

Huyu ni Mwingereza. Alishuka Afrika Kusini mwaka 1871 akiwa na miaka 19. Akaenda hadi kwa mfalme Lobengula, kwenye nchi ambayo leo ni Zimbabwe, kuomba ruhusa ya kuwinda tembo. Mfalme akamcheka, akamwona mtoto, akamuuliza kama hakuja kuwinda vijiswala. Dogo akapewa ruhusa akaingia porini.

Bunduki zake zilikuwa gobore mbili za bei ya chini, za kushindilia kwa mdomoni, kipimo namba nne. Namba hiyo ina maana yake. Chukua ratili moja ya risasi, nasemea madini yenyewe, igawe iwe gololi nne zinazolingana. Gololi moja ndiyo inayoingia kwenye mtutu. Ni gramu 113 hivi, yaani mayai mawili ya kuku wa kisasa. Hiyo ndiyo inarushwa kutoka begani kwako.

Kwa nini likubwa hivyo? Kwa sababu baruti nyeusi ya zamani, ile ya shura, mkaa na kiberiti, ina mwisho wake wa kasi. Ukiongeza sana, unapata moshi na teke, kasi haiongezeki kwa kiasi cha maana. Kwa hiyo kama unataka nguvu zaidi, njia ilikuwa moja tu: ongeza uzito wa gololi. Na risasi kama madini ni laini, ikigonga mfupa wa tembo inapondeka kama ugali. Wawindaji wakawa wanaiyeyusha na kuichanganya na bati au antimoni ili iwe ngumu. Huko ndiko kuchagua kichwa kulikoanzia, jikoni, kwenye sufuria na moto wa kuni.

Sasa sikiliza alivyokuwa anapima baruti. Alikuwa na mfuko wa ngozi kiunoni. Anaingiza mkono, anachota kiganja, anamimina mtutuni. Basi! Hakuna mizani, hakuna kikombe. Na baruti yenyewe ilikuwa ile ya kawaida ya biashara, waliyokuwa wanauziwa Waafrika. Kwa mtindo huo aliua tembo 78 ndani ya misimu mitatu. Baadaye mwenyewe akaandika kwamba bunduki zile zilimpiga sana, zikamharibu mishipa ya fahamu kiasi cha kumsumbua kulenga miaka ya mbele.

Halafu ikatokea siku ile. Kapiga fataki, bunduki haikulipuka. Kampa mbeba bunduki wake aishughulikie. Yule katikati ya tafrani akaishindilia upya, baruti juu ya baruti, gololi juu ya gololi. Jamaa akalenga tembo, akavuta. Alinyanyuliwa juu, akageuka hewani, akaanguka kifudifudi mchangani, bunduki ikaruka nyuma yake. Shavu likapasuka, mkono wa kulia ukagoma kunyanyuka.

Niliposoma hapo nikaweka simu chini. Alishindilia mara mbili. Maneno yaleyale ya bibi.

Dalili zaidi za jamaa huyu: alikufa tarehe 4 Januari 1917 hapahapa kwetu, Beho Beho, karibu na mto Rufiji, akipigana upande wa Waingereza dhidi ya Wajerumani akiwa na miaka 65. Hakuuawa na tembo wala gobore lake. Ni risasi moja ya mlenga shabaha. Jina lake lilibaki kwenye hifadhi kubwa kuliko zote nchini, jirani na nyumbani kwa bibi, mpaka mwaka 2019 sehemu kubwa ya hifadhi ile ilipofanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kama bado hujamjua, basi wewe na jiografia mligombana kitambo.

KUMBE GUMEGUME NI BUNDUKI

Mnajua matusi yetu ya mjini, "mwanaume gumegume". Kumbe gumegume ni jiwe la kutoa cheche, na bunduki ya gumegume ni ile inayowashwa kwa jiwe hilo, kabla hata ya fataki. Zee la mazee.

Mwaka 1890 mataifa makubwa yalikaa Brussels yakasaini mkataba wa kuzuia biashara ya utumwa. Ndani yake wakaweka na sheria ya silaha kwa eneo kubwa sana la Afrika, kuanzia Sahara hadi karibu na mto Limpopo. Bunduki za kisasa na baruti nzuri zikapigwa marufuku kuuzwa kwa wenyeji, isipokuwa kwa ruhusa maalumu. Kilichoruhusiwa kuendelea kuuzwa ni nini? Bunduki za gumegume zisizo na mistari ndani ya mtutu, na ile baruti ya kawaida ya biashara.

Hiyo sheria ilikuwa na sababu yake, wafanyabiashara wa watumwa walikuwa wanatamba na bunduki zilizopita Zanzibar na pwani. Lakini angalia ilipoishia. Mwaka 1905 watu wa Matumbi, Kilwa, Liwale na kusini yote waliposimama kwenye Maji Maji, walisimama na mikuki, mishale na magobore dhidi ya bunduki za rashasha. Na hata baada ya vita, mwindaji wa kijijini aliendelea na baruti ya kiganja wakati mgeni anakuja na kitu kingine kabisa. Kuchagua baruti ilikuwa haki ya watu fulani tu.

BARUTI KAMA TAMBI

Kitu kingine chenyewe ni hiki. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi. Mwaka 1889 Waingereza wakaja na ya kwao, kodaiti. Ukifungua ganda unakuta nyuzi nyuzi, kama tambi za futari. Ilikuwa na nguvu zaidi kuliko ile nyeusi, na haikuacha wingu. Msiichukulie poa hiyo ya wingu. Zamani ukishapiga tembo, moshi unakufunika, humwoni. Unainama chini kuchungulia kama miguu yake inaondoka au inakuja kwako.

Mwaka 1898 ikatoka bunduki ya kuwindia tembo ya kutumia kodaiti, kipimo .450, kichwa cha gramu 31 tu. Kutoka gramu 113 hadi 31, na kazi ikawa bora. Yale mazinga ya namba nne yakaanza kuwa mapambo ya ukutani.

Ila kodaiti ilikuwa na tabia yake: joto. Risasi iliyopimwa vizuri Uingereza kwenye baridi, ukiiacha juani India au Afrika, ikiwashwa presha inapanda. Ganda linavimba, linanasa ndani ya bunduki. Hebu fikiria nyati anakuja, risasi ya kwanza imetoka, na ganda limegoma kutoka. Viwanda vikalazimika kutengeneza risasi maalumu za nchi za joto, baruti imepunguzwa kidogo. Vingine vikafanya ganda kubwa lenye nafasi, ili presha isipande ovyo. Ile .416 ya mwaka 1911 ilifuata njia hiyo. Yaani jua la kwetu ndilo liliwafundisha Wazungu kupima baruti.

JAMAA WA PILI: RISASI NYEMBAMBA

Huyu ni Mskoti, kazaliwa 1880. Jina lake la utani lilitokana na eneo la kaskazini mashariki ya Uganda alikowinda. Vita ya Kwanza alikuwa rubani wa Waingereza hukuhuku Tanganyika. Aliua tembo zaidi ya 1,000, na wengi wao kwa risasi ya milimita 7. Milimita saba, wadau! Kichwa chake ni gramu 11.

Alifanyaje? Kwanza alichagua kichwa kigumu, kilichofunikwa chuma mwili mzima, kirefu, ambacho hakipondeki wala hakipindi. Pili alichagua risasi za kiwanda alichokiamini kwamba kila moja italipuka, kwa sababu zingine zilishamwangusha. Tatu, alikata fuvu la tembo kwa msumeno ili aone ubongo umekaa wapi hasa.

Wengi waliisikia stori yake wakashika kipande cha kwanza tu, cha risasi ndogo. Wakaingia porini bila lile somo la msumeno. Tembo aliyejeruhiwa anarudi na hasira, na mara nyingi anayelipia ni mwanakijiji aliyetoka kuchota maji asubuhi yake. Ndiyo maana leo Tanzania kwa tembo na nyati sheria inataka kipimo kisichopungua .375. Hatuandiki sheria kwa ajili ya fundi mmoja.

JAMAA WA TATU: TOPE LA KANADA

Huyu ni Mmarekani, mwenye biashara ya malori. Mwaka 1946 alikuwa Kanada anawinda mnyama wa jamii ya kulungu, mkubwa kuliko farasi, mwenye mapembe kama makoleo. Mnyama alikuwa amejipaka tope lililokauka. Jamaa alikuwa na bunduki mpya yenye kasi kubwa. Akapiga mara kadhaa, mnyama hata hashtuki. Vichwa vya risasi vilikuwa laini, na kwa kasi ile vikapasukia kwenye tope na ngozi. Kasi kubwa ikawa ndiyo ugonjwa.

Jifunze hapo: kichwa na baruti ni mke na mume. Ukibadilisha mmoja, mwingine anabadilika tabia. Alirudi nyumbani akatengeneza kichwa cha vyumba viwili, na ukuta wa shaba katikati. Chumba cha mbele kinatanuka, cha nyuma kinabaki kizima na kuendelea kuingia. Mwaka 1948 akaanza kuviuza kwa watu wanaojaza risasi wenyewe. Kampuni ipo mpaka leo, na inaitwa kwa jina lake. Dalili gani tena mnataka?

JAMAA WA NNE: BARUTI ILIYOBANWA

Mmarekani mwingine, mwandishi wa makala za bunduki. Mwaka 1956 kampuni kubwa ya kwao ilitoa risasi mpya ya tembo, .458. Ilikuwa ya bei nafuu, fupi, inaingia kwenye bunduki ya kawaida. Wakaijaza kichwa cha gramu 32. Tatizo ni kwamba ganda lilikuwa fupi, baruti ilibidi ibanwe humo kama abiria wa daladala saa moja asubuhi. Ikikaa muda mrefu inashikana, inakuwa bonge. Siku ya siku haiungui yote, kichwa kinatoka kinyonge.

Mwaka 1959, Msumbiji, jamaa alimpiga nyati kwa risasi hiyo. Nyati hakuanguka. Alimfuata, akamrusha. Alipona, lakini aliondoka na majeraha na swali moja kichwani. Miaka ya mwanzo ya 1970 akaja na jibu: ganda lilelile kwa unene, ila refu zaidi kwa milimita kama 7 na nusu hivi, ili baruti ipate pa kukaa bila kubanwa. Kwa miaka mingi haikuuzwa kiwandani, ukiitaka unajaza mwenyewe mezani kwako. Milimita saba na nusu za nafasi. Hiyo ndiyo tofauti kati ya nyati kulala na wewe kulazwa.

WA TANO HANA DALILI

Sasa wadau, hao wanne mtawataja. Nina uhakika mpaka mida ya chakula cha mchana mtakuwa mmemaliza, kila mmoja ana kitabu, au picha, au risasi, au hifadhi iliyoitwa kwa jina lake.

Mimi ninayemuwaza ni yule aliyeshindilia bunduki ya jamaa wa kwanza. Wabeba bunduki ndio waliotembea na chuma cha kilo sita begani siku nzima. Ndio waliokuwa wakipokea bunduki tupu na kurudisha iliyojaa, tembo akiwa hatua thelathini. Wakikimbia, bosi anakufa. Wakikosea kupima, bosi anakufa. Wakipatia, bosi anaandika kitabu, na wengi wao kitabuni ni "mbeba bunduki wangu" tu. Likitokea kosa, ndipo wanakumbukwa.

Mimi nauliza tu: kosa la siku ile ni la nani? Aliyeshindilia katikati ya hofu, au aliyeamua kwamba kipimo cha baruti ni kiganja, na kwamba bunduki inaweza kujazwa bila alama yoyote ya kuonyesha kwamba imeshajazwa?

Nauliza kwa sababu Jumapili nilimpigia bibi. Nikamwambia nimeelewa ile stori ya kushindilia mara mbili. Akanyamaza kidogo, akaniambia sehemu ambayo hakutuambia tukiwa watoto. Yule mzee, gobore halikuwa lake. Lilikuwa la mtu mwingine, yeye alikuwa mpigaji, analipwa nyama. Siku ile alikabidhiwa likiwa limeshajazwa, hakuambiwa. Akajaza tena. Mtutu ukapasuka mkononi.

"Baada ya hapo," bibi akasema, "alichonga mkato kwenye ile fimbo ya kushindilia. Fimbo ikiingia mpaka kwenye mkato, mtutu ni mtupu. Mkato ukibaki juu, ujue humo ndani kuna mzigo. Na kila kijana aliyeshika gobore pale kijijini alimfundisha hivyo kwanza, kabla ya kumfundisha kulenga."

Nimesoma baadaye kwamba watu wa magobore Ulaya na Marekani nao huweka alama hiyohiyo kwenye fimbo zao. Mzee wa Liwale aliipata bila kitabu, kwa bei ya vidole viwili.

Sisi tulikuwa tunamwita Babu Vidole. Miaka yote ile sikuwahi kujiuliza jina lake halisi. Jumapili nikamuuliza bibi, akanitajia, la kwake na la baba yake. Familia yake ipo, sijawaomba ruhusa, kwa hiyo sheria ya safu inabaki palepale, simtaji. Ila safari hii angalau mimi nalijua.

Haya, tupieni majina ya wale wanne kwenye komenti. Na kama nyumbani kwenu kuna mzee wa namna hii, wa gobore, wa mashua, wa mgodi, yeyote mnayemwita kwa jina la utani tu, piga simu leo uulize jina lake. Halafu rudi hapa utuambie alichonga nini.